Sola ya Kukunja

“Mama Sumeya, na stima ikipotea, mzee atapumua na nini?”

Watiri wa chumba cha tatu aliuliza swali hilo mwezi wa tano, siku ile Dawud alipotoka hospitalini na mashine ya oksijeni ikaletwa nyuma yake kwa mkokoteni, imefungwa blanketi isilowe mvua. Hakuuliza kwa ubaya. Watiri ni mtu wa kusema lile ambalo wengine wamelizunguka. Subira, mke wa Dawud, alimjibu kwamba pumzi ya mtu iko kwa Mungu, haiko kwa watu wa stima. Kisha akaingia ndani akafunga mlango, na swali likaingia naye.

Tangu siku hiyo stima ya mtaa wa Majengo ilikuwa imepotea mara sita. Dakika kumi, robo saa, mara moja karibu nusu saa. Kila ilipopotea, mashine ililia kama mtoto wa mbuzi, ikanyamaza, na Dawud akakaa kitako kitandani, mikono juu ya magoti, akiivuta hewa ya chumba kama mtu anayenyonya maji kutoka kwa kitambaa. Subira alikaa mbele yake na tasbihi yake. Balbu ilipowaka waliitazama yenyewe kwanza, ndipo wakatazamana.

Halafu Julai ikaja na baridi yake, na karatasi ikabandikwa kwenye nguzo mbele ya kinu cha unga. Nyaya na transfoma ya mtaa zilikuwa zinabadilishwa. Kuanzia wiki iliyofuata, kila Jumanne na kila Alhamisi kwa wiki sita, hakungekuwa na stima kutoka saa tatu asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni.

“Masaa nane hapana, mama,” muuguzi wa kliniki alimwambia Subira. Alikuwa akiandika huku akiongea, hakuinua kichwa. “Mtafute kitu cha kushika hiyo mashine siku hizo, na oksijeni iwe kwa namba tatu, isishuke. Ama arudi wadi mpaka hizo wiki ziishe. Huku oksijeni iko kwa ukuta.”

“Sirudi,” Dawud alisema alipoletewa habari. Alikuwa mtu wa kiwanda cha mbao, miaka arobaini kwenye vumbi la msumeno, na vumbi lilikuwa limekaa ndani yake kama mpangaji asiyelipa. “Nimelala huko wiki kumi na moja. Upande wetu vitanda ilikuwa nane. Wenye walitoka na miguu yao ni wawili, na mimi ni mmoja. Sasa mnataka nirudi nikamalizie hesabu?”

Sumeya, binti yao wa pekee, alikuwa amesimama mlangoni na sindano tatu zimechomwa kwenye kola ya sweta yake, jinsi alivyokuwa akizisahau kila siku. Alikuwa akishona sare za shule na mabuibui kwenye baraza ya duka moja hapo chini, ana cherehani mbili za stima na ovaloki ya kupindia kingo za nguo. Alimwangalia baba yake, akamwangalia mama yake, akasema kuna kitu amekiona dukani kwa Bharti.

* * *

Walikwenda Jumatano, mama na binti. Duka la Bharti liko mjini, ukipanda kutoka Majengo, na linauza kila kitu chenye waya. Mfanyakazi wa mlangoni aliwaona na leso zao na viatu vyao vya matope akawaambia, kabla hawajasema neno, kwamba tochi ziko upande ule. Sumeya akamwambia hawataki tochi. Akawaambia basi wasishike kitu.

Bharti mwenyewe alitoka nyuma, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kwa uzi. Alimkumbuka Dawud. Kwa miaka mingi kiwanda cha mbao kilinunua misumeno kwa baba mkwe wake, na aliyetumwa kuichagua alikuwa Dawud.

“Fundi anaendelea aje?”

“Tunamshukuru Mungu,” Subira alijibu.

“Bado ana ile mdomo?”

“Mdomo iko. Pumzi ndiyo kidogo.”

Bharti alitabasamu kidogo, kisha akawaonyesha. Ilikuwa betri kubwa yenye mishikio miwili, nzito kama debe la mahindi, ina kioo kidogo mbele kinachoandika namba, na matundu ya kuchomeka plagi kama ya ukutani. Pamoja nayo kulikuwa na paneli za sola zilizokunjwa kama mkoba. Ukizifungua zinakuwa majani manne, unazilaza juani, waya unaingia kwenye betri. Ilikuwa imekaa dukani kwa maonyesho mwaka mzima, kwa hivyo angewapa kwa laki moja na elfu kumi. Mpya ni karibu mara mbili.

“Itashika masaa nane?” Sumeya aliuliza.

“Hapo mimi siwezi kudanganya,” Bharti alisema. “Mashine yenu sijaiona, na hii jua ya Nyeri mnaijua. Endeni nayo mjaribu. Jumamosi saa nne nitapita na gari. Ikishika, mnanilipa. Isiposhika, naichukua, hakuna maneno. Lakini mniachie kitambulisho.”

Subira alitoa kitambulisho chake kwenye kitambaa alichokifunga kiunoni. Alipokuwa akifungua fundo, mfanyakazi yule wa mlangoni alisimama akitazama mikono yake, kama mtu anayengoja kuona kama kweli kuna kitu ndani.

Nje, Sumeya alisema amekwisha kuongea na mtu. Anaitwa Dedan, ana karakana ya sare kule Othaya. Atachukua cherehani zote mbili na ovaloki kwa laki moja na kumi, pesa mkononi, Jumamosi.

“Na wewe utashonea nini?” Subira aliuliza.

“Nitaajiriwa na mtu.”

“Nani?”

“Mama, mtu hakosi mtu.”

Waliibeba betri pamoja, kila mmoja mshikio wake, wakishuka Majengo polepole, wakipumzika kila walipofika penye ukuta wa kuegemea.

* * *

Alhamisi asubuhi ukungu ulikuwa umelala juu ya mabati. Ploti yao ina vyumba kumi vinavyotazamana na ua mmoja, na ua huo ni wa nguo. Subira alipita mlango hadi mlango akiomba kamba moja iachwe wazi, jua lipate nafasi. Wengine walisema sawa. Mmoja alisema yeye hulipa kodi kama wengine. Subira akamwambia ni kweli, akamsaidia kusogeza karai lake.

Alitandaza leso mbili chini ili paneli za watu zisichafuke, akazifungua juu yake jani kwa jani. Watiri alitoka na kikombe cha chai akasimama kutazama.

“Hiyo ni kiti ya kulalia ama?”

“Ni sola.”

“Ati sola. Sasa jua yenyewe mlinunua pamoja, ama ni ya kutafuta?”

Ukungu haukuwa umepasuka. Kioo cha betri kilisema paneli zinaingiza wati kumi na tisa. Mashine ya oksijeni ilikuwa inakula mia tatu. Subira alisoma mpaka darasa la saba, na hizo namba mbili hazikuhitaji la nane.

Lakini siku hiyo haikuharibiwa na ukungu. Iliharibiwa na adabu. Habari ilikuwa imezunguka kwamba kwa Fundi Dawud kuna stima ya jua, na watu waliokuwa hawajaja kumjulia hali tangu Mei wakakumbuka kwamba ana ugonjwa. Walikuja wakaketi, wakauliza mzee amelalaje, wakanywa chai, na kila mmoja alipokuwa akiaga aliacha simu yake imechomekwa. Kufikia saa tano kulikuwa na simu nne. Simu hazili sana. Subira aliandika namba za betri kwenye daftari la zamani la Sumeya.

Ndipo akaja Mwai, bawabu wa benki anayekaa chumba cha nane. Alikuja na sare yake mkononi. Mwai ni mtu wa kanisa, na alimwekea Dawud mkono kwenye paji la uso akamwombea kwa sauti, dua ndefu, akitaja mapafu, akitaja mifupa, akitaja maadui wanaoonekana na wasioonekana. Dawud alifumba macho akavumilia. Subira aliitikia amina, kwa sababu dua ni dua, na anayeipokea ni mmoja.

“Mama Sumeya,” Mwai alisema alipomaliza, “niko na pasi hapa. Tokeni yangu ya stima imeisha jana. Nipige tu kola, dakika mbili.”

Subira aliitazama pasi. Ni mtu gani anayemnyima jirani aliyetoka kumwombea mumewe, mkono wake bado una joto la paji lake?

“Hii tunajaribu tu, baba,” alisema. “Si yetu.”

“Lakini jua si ya mtu,” Mwai alisema kwa upole, akachomeka.

Betri ililia mara tatu ikazima kila kitu. Mashine ikalia nayo. Dawud alifumbua macho. Subira aling'oa pasi, akang'oa simu zote, akabonyeza kitufe, hakikuwaka, akabonyeza tena akakishikilia jinsi Bharti alivyomwonyesha. Iliwaka. Ilichukua dakika moja na kitu, na kwa muda huo Mwai alisimama ameikumbatia sare yake, akisema pole, pole mzee, pole.

“Ile dua,” Dawud alisema sauti yake iliporudi, “ulisahau kutaja pasi.”

Sumeya alikuja saa saba kula akasikia yote kutoka kwa Watiri kabla hajafika mlangoni.

“Mama. Ulimpatia pasi?”

“Alikuwa ametoka kumwombea baba yako.”

“Na sasa tutajuaje kama imeshika? Tuna siku moja imebaki. Moja.” Hakupaza sauti. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa na kutazama kioo cha betri. “Tuizime. Tuijaze usiku na stima ya nyumba. Kesho unafunga mlango. Hata akija imamu, umwambie mzee amelala.”

* * *

Ijumaa mlango ulifungwa komeo. Saa tatu kamili Subira alichomoa mashine ukutani, akaichomeka kwenye betri, akaandika: saa tatu, asilimia mia moja.

Alikuwa na kazi na aliifanya. Kila baada ya nusu saa alifungua komeo, akatoka, akageuza paneli kufuata lile jicho jeupe lililokuwa nyuma ya ukungu, kama mtu anayegeuza chapati asiyeona moto wake. Akirudi ndani aliandika. Saa nne, themanini na tatu. Saa tano, sitini na sita. Saa sita, hamsini na moja. Jua lilipasua hapo, jembamba, na paneli zikaanza kuingiza mia moja na zaidi. Watiri aliita kutoka uani kwamba leo Mungu amelipa bili. Saa saba, thelathini na nane.

Dawud alikuwa akimtazama akiandika. Alikuwa ameegemea mto, mpira wa oksijeni puani, mikono juu ya blanketi. Mkono wa kulia una vidole vitatu; viwili vilibaki kiwandani.

“Soma,” alisema.

Akamsomea.

“Saa kumi itakuwa imekwisha,” Dawud alisema. “Labda saa kumi na dakika kidogo.” Maisha yake yote alikuwa akitazama gogo na kusema litatoa mbao ngapi, na hakukosea sana.

“Jua limetoka. Pengine itafika.”

“Subira. Saa kumi.”

Adhana ya Ijumaa ilikuwa imekwisha kusikika kutoka msikitini. Subira alitawadha nyuma ya pazia, akaswali adhuhuri yake palepale kati ya kitanda na ukuta, mahali pa mkeka mmoja. Alipotoa salamu hakuinuka mara moja. Alisikia mashine ikinguruma kama kawaida. Alihisi tu kwamba chumba kimebadilika, jinsi mtu anavyohisi kwamba sufuria imeacha kuchemka kabla hajaigeukia.

Alikwenda kwenye kioo cha betri. Mashine haikuwa ikila mia tatu tena. Ilikuwa inakula mia mbili na arobaini.

Akapiga magoti mbele ya mashine yenyewe. Ina bomba dogo la kioo, na ndani yake kijipira cheusi kinachoelea. Kinatakiwa kuelea penye tatu. Kilikuwa kimeshuka mpaka moja.

“Imeshuka,” alisema.

“Najua.”

“Ni wewe?”

“Nani mwingine ako hapa?”

Akanyoosha mkono kukipandisha. Dawud aliufunika ule mviringo wa kugeuzia kwa mkono wake wa vidole vitatu. Haukuwa na nguvu. Mtoto angeuondoa.

“Daktari alisema tatu, Baba Sumeya.”

“Daktari hakai hapa.”

“Midomo yako imekuwa rangi nyingine.”

“Ni baridi. Wewe pia yako imekuwa rangi nyingine.”

Alichukua kile kibanio cha kupimia oksijeni ya damu walichopewa kliniki, akambana kidole cha shahada. Asubuhi kilisoma tisini na mbili. Kilifikiri, kikafikiri, kikasema themanini na mbili.

“Sikiliza,” Dawud alisema. Alisema kipande, akapumzika, akasema kipande. “Leo tunapima betri. Hatupimi mimi. Acha betri ipite.”

“Na Jumanne?”

“Jumanne nitapunguza tena. Na Alhamisi. Si niko hapa naongea?”

“Wiki sita.”

“Siku kumi na mbili tu. Nimehesabu.” Alifumba macho. “Nikirudi huko sitoki. Unajua. Wewe ndiye ulikuwa unakuja na chupa ya uji kila siku, ukiuliza wa kitanda ya pembeni ako wapi. Mimi nataka hapa. Hata ikiwa ni moja, iwe hapa.”

Subira alikaa kwenye stuli. Mkono wa mumewe ulibaki juu ya mviringo, na wake ukabaki gotini. Alijiambia atakipandisha kijipira mkono ule ukilala. Mkono ulilala. Hakukipandisha. Hakujua kwa nini, na hakujiuliza. Moyo ulikuwa umekaa kimya kama mkono uliokufa ganzi, ukiugusa ni kama wa mtu mwingine. Aliandika: saa nane, thelathini na moja.

Saa tisa simu ililia. Ilikuwa Sumeya.

“Iko ngapi?”

“Ishirini na nne.”

“Ati ishirini na nne?” Nyuma yake cherehani ilikuwa ikikimbia, kisha ikasimama. “Mama, hiyo itafika. Hiyo imefika. Nampigia Dedan nimwambie kesho asikose.”

Subira alifungua mdomo. Kijipira kilikuwa kinaelea penye moja, kimetulia kabisa.

“Mama?”

“Nakusikia.”

“Mwambie Baba.”

“Amelala,” Subira alisema, na hilo angalau lilikuwa kweli.

Saa kumi, kumi na sita. Saa kumi na moja kamili, sita. Aliandika ile sita vizuri, akaichomeka mashine ukutani, akakigeuza kijipira mpaka tatu, na kufikia hapo hakuna aliyemzuia. Sumeya alipoingia alilisoma daftari kutoka juu hadi chini, kidole juu ya kila mstari. Kisha akaketi sakafuni akaegemea kitanda, akacheka bila sauti, mabega tu yakitikisika.

“Masaa nane. Na mwalimu aliniambia hesabu haitanisaidia. Baba, umesikia? Huendi popote.”

Dawud alimgeukia. Kichwa kilikuwa kinamuuma tangu alasiri. Alimtazama kwa muda, akamwita Ummi. Ummi ni dada yake, aliyekufa Sumeya akiwa hajazaliwa.

“Ni mimi Sumeya, Baba.”

“Ndiyo,” alisema. “Ndiyo nimesema.”

Subira alimletea uji. Kijiko cha kwanza Dawud alikipeleka puani.

* * *

Jumamosi Bharti hakuchelewa. Saa nne gari lake la mizigo lilisimama mdomoni mwa ploti, na yeye akaingia akiruka madimbwi, ameshika sari kwa mkono mmoja. Alikuja na dereva wake, Kingori, mtu mrefu aliyeinama ili asigonge mabati. Walimpa Bharti stuli. Kingori alisimama. Chumba kikajaa.

“Fundi,” Bharti alisema, “umekonda.”

“Nimepunguza mbao,” Dawud alisema. “Misumari imebaki.” Usiku mzima wa namba tatu ulikuwa umemrudisha. Alikuwa amevaa shati safi, na kitambaa cha kichwa ambacho Subira alimfungia asubuhi kwa ajili ya baridi alikuwa amekivua kwa sababu ya wageni.

“Sasa? Ilishika?”

“Ilishika,” Dawud alisema.

“Masaa nane,” Sumeya alisema. Alilifungua daftari akampa. “Saa tatu mpaka saa kumi na moja, na ikabaki sita. Yule mtu wa mashine zangu ako njiani, madam, amesema saa tano. Akinilipa tu, nakulipa hapahapa.”

Bharti alivaa miwani yake. Alisoma polepole. Alikuwa mtu wa kuuza vitu vya waya kwa miaka thelathini, na kidole chake kilisimama katikati ya ukurasa.

“Hapa asubuhi inaenda kumi na saba, kumi na saba, kumi na tano. Halafu baada ya saa saba inaenda saba, saba, nane.” Aliinua macho. “Jua ilitoka kali hivyo?”

“Ilitoka,” Dawud alisema.

“Ilitoka,” Sumeya alisema.

Wakamtazama Subira, kwa sababu mwandiko ulikuwa wake. Yeye alikuwa amesimama kando ya mashine, mikono imefungwa ndani ya leso. Usiku alikuwa ameswali rakaa zake akamwomba Mungu aseme Yeye, kwa njia Yake, ili mtu asiseme. Asubuhi kila kitu kilikuwa mahali pake na hakuna kilichosemwa. Simu ililia mkononi mwa Sumeya. Aliitazama akasema ni Dedan, lazima ameshuka stendi, anataka kuelekezwa.

“Usimwelekeze,” Subira alisema.

“Mama?”

“Mwambie arudi Othaya. Pole kwa nauli yake.” Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ile ya kumwambia mtu chumvi imekwisha. “Haikushika. Baba yako alishusha oksijeni nikiswali. Kutoka saa saba mpaka saa kumi na moja ilikuwa kwa moja. Ndiyo maana ilifika. Kwa tatu ingekwisha saa kumi, na hiyo ni kwa siku yenye jua.”

Simu iliendelea kulia mpaka ikachoka.

“Uliona?” Sumeya aliuliza.

“Niliona.”

“Na ukaandika.”

“Nikaandika.”

“Mimi nilikuwa nauza mashine zangu, Mama. Mbona hukusema jana? Ulinipata kwa simu. Nilikuuliza.”

“Jana sikuwa na mdomo,” Subira alisema. “Hiyo ni dhambi yangu, nitaibeba. Lakini siwezi kunyamaza siku mbili.”

Sumeya alimgeukia baba yake. Uso wake ulikuwa umefanya kitu kidogo tu, kama kitambaa kinavyofanya uzi ukivutwa upande mmoja.

“Subira,” Dawud alisema. “Nilikuomba kitu kimoja.”

“Ulikiomba.”

“Miaka thelathini na sita, nimekuomba nini kingine?”

“Hujaomba. Ni kweli.” Alimtazama vizuri. “Jana jioni ulimwita huyu Ummi. Ulipeleka uji puani. Hiyo ni siku moja, Baba Sumeya. Umeniambia ni kumi na mbili. Kufika ya nne utakuwa hunijui, na utakuwa hapa unapopataka, na mimi nitakuwa nimekaa kwa hii stuli nikikuandika namba. Sitaki. Nikuzike, nitakuzika siku Mungu akisema. Sitakuandika.”

Kingori alikuwa akitazama viatu vyake. Bharti alikunja miwani yake akaliweka daftari kitandani, taratibu, mbali kidogo na mguu wa Dawud.

“Basi mimi nichukue vitu vyangu,” alisema. “Hakuna maneno, nilisema.” Akangoja. “Fundi, gari iko hapo nje. Hii betri mliijaza?”

“Imejaa,” Subira alisema. “Ililala ukutani usiku.”

“Mpaka hospitali ni dakika ngapi? Mashine itachomekwa kwa betri njiani. Itamfikisha mara kumi. Huko mtaichomeka kwa stima yao, na mimi narudi na yangu.” Alisema bila kumtazama yeyote. “Sitaki pesa ya mafuta.”

Subira alisema Mungu amlipe. Kisha akaanza kukusanya: sweta, kikombe, msala, dawa kwenye mfuko wa nailoni. Zilikuwa tayari karibu na mlango. Sumeya aliona kwamba zilikuwa tayari, kwamba mama yake alikuwa amezipanga kabla ya alfajiri. Alikwenda uani akazikunja paneli mwenyewe, jani juu ya jani. Watiri alikuwa kwenye kamba na vibanio mdomoni, na kwa mara moja hakuuliza kitu. Kingori aliinua betri peke yake, akaitoa nje.

Mashine ilizimwa. Chumba kikawa na kimya ambacho hakikuwa kimepata kuwamo tangu Mei, kiasi kwamba walisikia redio ya chumba cha nane. Dawud aliushika mpira wa puani akauvua juu ya masikio, upande mmoja, halafu wa pili, akauweka juu ya mto.

“Ngoja,” Subira alisema. “Ngoja Kingori arudi aibebe mashine, utoke nayo. Utachoka hapo mlangoni.”

Dawud alishusha miguu, akatafuta viatu kwa vidole vyake, akavivaa bila kuinama. Alisimama. Subira alimpa bega lake, jinsi alivyompa kila siku kwenda msalani. Hakulishika. Alishika nguzo ya kitanda, kisha meza, kisha fremu ya mlango. Bharti alisogeza stuli yake ampishe. Midomo ilikuwa imeanza kugeuka rangi. Subira aliuinua mpira kutoka kwenye mto akamnyooshea, ingawa haukuwa umeunganishwa na kitu, na Dawud akampita, akateremka kizingiti, akaenda zake kuelekea garini.